Koti la Kuazima

Nianze na aibu yenyewe, nisije nikaizungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Niliingia mji wa Kipini mchana kweupe, wanaume wanatoka msikitini, nimevaa kanga ya dada yangu. Sikuvaa kingine. Kanga imelowa, imenishika kila mahali ambapo nguo haitakiwi kumshika mwanamume, na dada mwenyewe nimembeba mgongoni, anacheka mpaka ananidondoshea mate shingoni. Mtoto mmoja wa pale, aliyejua kusoma kunipita mimi, alitufuata nyuma akiyasoma maandishi ya kanga kwa sauti: "Hasidi hana sababu! Hasidi hana sababu!" Wenzangu wakisimulia safari zao za pwani husema waliona hiki, waliona kile. Mimi nilionwa.

Sasa nirudi nyuma, nieleze tulifuata nini huko.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa mvuta kamba wa pantoni ya Garsen. Daraja hakuna, na injini ya pantoni ilikuwa sisi. Lori ikishapanda, tunashika kamba iliyofungwa ng'ambo hii mpaka ng'ambo ile, tunavuta huku tunaimba, na mto nao unatuvuta kwake. Shule niliiacha darasa la tatu, au tuseme tuliachana kwa wema, kila mmoja alikuwa amemchoka mwenzake. Kamba haikuuliza cheti, iliuliza viganja.

Dada yangu alikuwa ameolewa ng'ambo ya pili, kijiji cha wakulima wa mpunga. Wakati wa palizi jembe likamchapa juu kidogo ya kifundo cha mguu. Kidonda kidogo tu, akakifunga jani akaendelea kulima. Kikawa donda. Donda likala nyama, likaanza kunuka. Harufu yake ilikuwa inafika kabla yake. Watu wakawa hawakai upande unakoelekea upepo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeanza utani, kabla hawajamuanza wengine: "Mimi siku hizi sipigi hodi. Mguu unanipigia."

Tulimpeleka kwa dresa wa dispensari. Akachoma sindano, akaosha na dawa ya rangi ya zambarau, wiki zikapita, donda halikusikia. Siku moja akaingiza kile kijiti chake cha chuma ndani ya donda, kikagonga. Mimi nilikisikia kikigonga.

"Huo ni mfupa," dresa akasema. "Umeanza kuoza. Lori ya hospitali itapita kwenda Malindi mwezi ukiandama. Kama donda halijarudi nyuma, apande, akakatwe hapa." Akaonyesha chini ya goti.

"Na asipopanda?"

"Asipopanda, mtachimba."

Mumewe alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa mtu mbaya, mseme mnavyotaka. Lakini alisema mbele yetu sote, taratibu, kama mtu anayesema mvua imechelewa: "Mimi nilioa mwanamke wa miguu miwili. Nani atalima? Nani atateka maji kwenye ule utelezi? Akirudi na mmoja, arudi kwa mama yake."

Kwa hiyo mjue kilichokuwa pale. Haukuwa mguu tu. Ulikuwa mguu, shamba, nyumba na mume, vyote vimesimama juu ya kifundo kimoja.

Bahari niliambiwa na mfanyabiashara mmoja Msomali, aliyekuwa anavusha ng'ombe. Alimwona dada amekaa kando ya maji na nzi wake, akaniita.

"Ngamia yangu oza mguu, mimi peleka bahari," akaniambia. "Maji ya chumvi, kila siku. Yeye tembea."

"Dada yangu si ngamia, bwana."

"Najua. Ngamia iko na miguu nne. Dada yako iko mbili tu. Yeye iko haraka zaidi."

Nilitaka kukasirika nikakosa pa kushika, maana hesabu yake ilikuwa sawa. Nikaomba ruhusa kazini.

Rafiki yangu wa kamba, Mgiriama aliyehamia delta akalima na kuvuta pantoni kama mimi, ndiye aliyeniazima koti. Lilikuwa koti lake la jeshi, zito, la rangi ya khaki, vifungo vya shaba. Alikwenda nalo Burma na kurudi nalo, na ni hilo tu alilorudi nalo, ukiacha homa.

"Kipini ni mji wa serikali," akasema. "Ukienda na hayo matambara yako watakuuliza umetoroka jela gani. Vaa hili. Lakini sikiliza, bwana. Wajapani walilipiga risasi hili koti wakalikosa. Ukilipoteza wewe..."

Alilikunja mwenyewe, akanipa kwa mikono miwili.

Tulishuka mto kwa mtumbwi, mimi na pondo nyuma, dada amelala katikati mguu juu ya gunia la mchele. Tukaingia ule mfereji unaoutoa mto wetu na kuupeleka kwenye mto wa Ozi, tukafika Kau. Pale dada akachota maji kwa kata, kama anavyochota siku zote, akanywa, akatema.

"Nani ametia chumvi mtoni?"

"Bahari hiyo," nikamwambia kwa kiburi. "Inapanda mpaka hapa."

"Wewe umejuaje?"

"Shule."

"Shule ipi? Ile uliyotoka kwa dirisha?"

Kipini tulifikia kwa bibi mmoja mjane, mama wa mtu niliyekuwa namvusha mara kwa mara. Bibi hakuziba pua. Aliuangalia mguu, akamwambia dada, "Karibu mwanangu, pita ndani," akatutandikia mkeka. Maneno yake yalikuwa ya pwani, maji anayaita mai, na mimi nikajitia kumfasiria dada, naye anasikia vizuri kuliko mimi.

Kulikuwa na nyumba kubwa ya serikali juu ya kilima cha mchanga, na Wazungu wageni walikuwa wamekuja kutoka bara. Asubuhi tulipokwenda pwani tukawakuta wamejilaza mchangani, karibu uchi, juani, hawatikisiki.

Dada akanishika bega. "Wamekufa wale?"

"Wanapumzika."

"Wamechoka na nini?"

Hilo darasa la tatu hawakutufundisha. Mwanamke mmoja wao alikuwa amekuwa mwekundu mgongo mzima. Dada akamtazama muda mrefu kwa huruma ya kweli. "Maskini. Na yeye amekuja na lake."

Tukaenda mbali nao, tusiwaharibie upepo. Nikamkalisha dada kwenye mchanga mkavu, nikamwambia haya, twende majini. Akakataa.

"Mamba."

Mtu wa bara anaweza kucheka. Sisi kwetu hata mahali pa kuoga tunazungushia miti, tunachimbia chini kabisa, na mwanamke mwenye jeraha hasogei. Damu mamba anaisikia kutoka kona ya tatu ya mto. Dada yangu alikuwa ameuepusha ule mguu na maji ya mto miezi mizima, sasa namwambia autumbukize kwenye maji yasiyo na hata ng'ambo ya pili.

"Baharini hakuna mamba," nikamwambia.

"Basi ingia wewe kwanza. Ukitoka mzima, nitaingia."

Kwa kuwa koti ni la watu na halifai kulowa, nikavua. Na shuka nikavua, nikaikunja ndani ya koti. Nikaviweka pale kwetu tunapoweka: kando ya maji, hatua ya kwanza kabisa, ili mamba akikutokea unyakue nguo ukikimbia. Hakuna mtu wa mto anayeacha nguo mbali. Nikaokota fimbo, nikaingia huku nachapa maji kulia na kushoto, kama tunavyofanya, kumfukuza mwenye mto.

Kulikuwa na watoto wanachimba kaa. Wakasimama. "Oneni, yule aitia bahari adabu!"

Mimi nikaendelea. Maji yalikuwa ya magotini tu. Nikaenda, nikaenda, bado magotini. Nikaona ah, kumbe bahari ni kitu kidogo hivi, watu wanaitangaza bure. Nikaanza kuimba wimbo wa pantoni. Nilipogeuka, dada alikuwa mdogo kule mchangani, ananipungia mkono. Nikampungia. Akapunga kwa mikono miwili. Na mimi nikapunga kwa mikono miwili, fimbo juu, nikacheza kidogo. Nilifikiri amefurahi.

Maji yakaniambia yenyewe. Yalikuwa yamefika kifuani na mimi sijatembea.

Nilikimbia, ukiita kule ni kukimbia. Mchanga wote niliouacha mkavu ulikuwa maji. Na dada hakuwa tena alipokaa. Alikuwa anatambaa. Anavuta ule mguu nyuma yake kama gogo, mkono mmoja mbele, anapiga kelele, "Koti la watu! Koti la watu!" Koti lilikuwa mbele yake kidogo, limejazwa hewa mgongoni, mikono imenyooka, linaogelea kwa madaha kama afisa. Akalifikia mkono, akaushika. Wimbi likaja, likamfunika mguu.

Ukelele ule sijausikia tena kwa mtu wala mnyama. Wale Wazungu walisimama. Aliachia koti, akajikunja, chumvi inamwingia mpaka kwenye mfupa. Nikamkamata kwapani, nikamvuta juu. Na koti, kwa kuwa maji yote yalikuwa yanakimbilia mdomoni mwa mto, likageuka, likaingia mtoni, likashika njia ya Kau. Lilikuwa linakwenda nyumbani.

Dada alilia, halafu akalitazama koti linavyokata kona, halafu akanitazama mimi, mvuta kamba wa serikali, uchi, na fimbo bado iko mkononi. Akaanza kucheka. Alikuwa hajacheka vile tangu jembe. Alicheka mpaka akashika tumbo. Akavua kanga yake ya juu, akanitupia huku amegeuza uso. "Jifunge, mwana wa mama. Hao mamba wasije wakakuona."

Yaliyofuata mmekwisha kuyasikia: msikiti, mtoto, hasidi hana sababu.

Bibi alipotuona mlangoni hakucheka. Alipika uji kwanza, ndipo akanisomea. "Wewe una akili za mto. Mto washuka tu, hauna lingine. Mai ya bahari yajaa, yapwa. Na leo mwezi ni mpevu, yajaa mpaka mizizini mwa minazi. Nguo huwekwa juu, baba! Mtoto mdogo hapa ajua."

"Sikujua, bibi."

"Naona hukujua. Mji mzima umeona."

Lakini uoga wa maji ulikuwa umekwisha. Kesho yake dada aliomba mwenyewe kupelekwa. Kila siku nikawa namshusha, anauma fundo la kanga, anaingiza mguu, machozi yanamtoka kimya. Na donda likabadilika, wallahi. Lile lililokuwa la kijivu likawa jekundu. Harufu ikapungua. Jioni moja bibi alikuja kukaa karibu naye kumenya mihogo, akakaa upande wa upepo, hata hakujua amekaa upande huo. Dada alinitazama juu ya kichwa cha bibi. Uso mzima ulikuwa unang'aa.

Tangu siku ile akaanza kuongea habari za shamba. Mwaka huu atapanda ule mpunga mwekundu. Mumewe atamjengea dungu jipya la kuamia ndege, la zamani limelegea. "Nitaingia nyumbani kwa miguu yangu," akasema. "Wewe utanishusha pale mbuyuni, nisionekane nimebebwa. Halafu nitatembea."

Nikasema sawa. Nilimwona tayari anatembea.

Halafu homa. Asubuhi moja paja lilikuwa la moto, mtoki umesimama kwenye kinena kama yai. Bibi akamshikashika, akamfunika shuka vizuri, akanitoa nje hadi nyuma ya nyumba.

"Juu kumesafika," akaniambia. "Chini kwaoza. Mrudishe kwao, mwanangu, mwezi wenenda."

Nilimwuliza kama akikaa siku chache zaidi. Bibi akanishika uso kwa viganja viwili, kama mtoto, akatikisa kichwa.

Alinipa shuka ya marehemu mumewe, akatufungia na mikate ya mofa. Tulingoja maji yaanze kujaa, maana sasa nilikuwa nimejifunza, yakatusukuma wenyewe mpaka Kau. Maji yale yale. Kau nikawauliza wavuvi, "Jamani, hamkuona koti linapita?"

Wakatazamana. "Lilikuwa na mtu ndani?"

"Halikuwa na mtu."

"Basi hatukuliona. Lingekuwa na mtu tungeliona."

Dada alicheka kwa pua, macho amefumba. Kutoka pale ilikuwa pondo, na mto umeanza kujaa, unanirudisha. Alikuwa anasinzia, anaamka, anaongea. Mara moja akaniuliza, "Wakikata, nitavukaje pantoni?"

"Nitakubeba."

"Kwa kanga yangu au kwa yako?"

Tulipofika, mumewe alikuwa ukingoni, mtu amemwambia tunakuja. Alitazama mguu kwanza. Halafu akamtazama uso. Akasema, "Haya." Akaingia majini mpaka kiunoni, akamtoa mtumbwini mwenyewe, akampeleka nyumbani. Ile habari ya kushuka mbuyuni na kutembea hatukuitaja, mimi wala yeye.

Rafiki yangu nilimwambia koti liko kwa mama, linakaushwa. Kila siku aliuliza, kila siku halijakauka. Koti gani hilo na jua la Garsen!

Mwezi ukaandama. Lori ya hospitali ilitokea ng'ambo ile, upande wa Witu, na dada yupo nyuma amelazwa juu ya godoro la pamba, mumewe kando yake. Ikapanda pantoni. Nikashika kamba, rafiki yangu nyuma yangu, wenzetu wanne nyuma yake. Hakuna aliyeanzisha wimbo. Kamba inalia peke yake.

Dada akainua kichwa. Uso ulikuwa umekwisha, meno tu ndiyo makubwa. "Mbona mmenyamaza, kuna msiba? Haya, muulizeni huyu koti liko wapi."

Nikahisi kamba imelegea nyuma yangu.

Akawaambia yote. Fimbo, mamba, nilivyocheza katikati ya bahari, koti lilivyokata kona. Habari ya kutambaa aliitaja kwa neno moja tu: "Mimi nikatambaa kidogo." Wenzangu walikuwa wanalia kwa kicheko. Fundi wao wa nyimbo akadaka palepale:

"Koti limekwenda wapi?"

Wakaitikia, wanavuta, "Limeshika njia ya Kau!"

"Mvaa koti amebaki na nini?"

"Amebaki na kanga ya dadaye!"

Mto mzima tuliuvuka kwa wimbo ule. Mumewe alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika, sijui kwa kicheko au kwa lingine. Rafiki yangu tu hakuimba. Alivuta kamba kama anataka kuikata.

Tulipogusa ng'ambo nikaenda nyuma ya lori. Dada akanivuta sikio, kama nilipokuwa mdogo. "Ukilipata," akaniambia, "ulikaushe vizuri, lisishike ukungu."

Lori ikapanda ukingo, ikaenda.

Dereva alirudi baada ya mvua ya kwanza. Tulijua kabla hajashuka, kwa sababu siku zote hupiga honi tokea mbali, siku ile hakupiga. Mume alikuwa mbele pamoja naye. Walimkata vizuri, dereva akasema, lakini sumu ilikuwa imetangulia juu. Walimzika huko huko Malindi. Barabara ilikuwa tope, hawangeweza kumrudisha.

Mama yangu alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Na mguu? Mguu wake wamemwekea kaburini?"

Dereva akatazama gurudumu lake. "Mama, hilo sikuuliza."

Mume alikaa chini ukingoni, kwenye matope. "Ningemchukua hata na mmoja," akasema. Akairudia. Mama aliendelea kuuliza habari ya mguu miaka yote aliyoishi, kila mgeni aliyetoka Malindi, kana kwamba mmoja wao anaweza kuwa ameuona.

Jioni ile watu wa matanga walikuwa wameanza kuvuka, na sisi ndio wa kuwavusha. Rafiki yangu alinikuta kwenye kamba. Nilikuwa sijamtazama usoni tangu ule wimbo. Nikamwambia, "Bwana, lile koti lako..."

"Alilitambalia kweli?" akanikatiza. "Na ule mguu?"

"Alilitambalia. Alilishika mkono. Aliliachia wimbi lilipomchoma."

Akaangalia maji yanakopita. Halafu akatoa kifurushi kwapani, suruali ya khaki, imepigwa pasi. Sikujua kuwa Burma alirudi na suruali pia.

"Basi lile koti ni lake, usinitajie tena," akasema. "Na vaa hii. Huwezi kupokea watu wa matanga na kaptula imetoboka makalio, dada yako atacheka tena."